Lita Nne za Kupanda Isongole

Gari lilizimika kati ya Halali na Igawa, saa mbili usiku, mwezi wa saba, upepo wa Usangu ukilipiga ubavuni. Lilivuta, likaacha, likavuta tena mara moja, kisha usukani ukawa mzito mikononi na taa za dashibodi zikawaka zote. Nilikuwa natoka Njombe kurudi Mbeya. Siku nne kabla nilikuwa nimeweka lita 50 pale Uyole, na kwa hesabu niliyokuwa nayo kichwani zilitosha kwenda, kuzunguka vijiji vyangu, kurudi nyumbani na kubaki na akiba.

Mwenye gari la dizeli anajua kwamba kuishiwa si suala la kutafuta dumu tu. Pampu ikishavuta upepo, hata ukimimina mafuta injini haiwaki mpaka upepo huo utolewe. Nilikuwa nimeinua siti naangalia mipira nisijue pa kuanzia, ndipo lori moja lililokuwa linaelekea Tunduma likapunguza mwendo, likasimama mbele yangu. Alishuka utingo, kijana ambaye kwa umri ningeweza kumzaa, dumu la lita 5 mkono huu, spana mkono ule. Aliijua filta ilipo kabla sijamwonyesha. Akalegeza nati, akabonyeza pampu ya mkono iliyo juu ya filta, mapovu yakatoka, yakaendelea kutoka, mpaka ikaja dizeli tupu. Alipokuwa anafuta mikono ndipo akaniuliza, kwa heshima kabisa:

"Mama, hili linakwenda kilomita ngapi kwa lita?"

"Kumi na moja," nikajibu.

Akamulika tochi juu, kwenye keria yenye hema, madumu na tairi la akiba. Akamulika ndani, kwenye kitanda, jiko na tangi la maji.

"Na nyumba yote hii? Mama, ulipima au uliambiwa?"

Niliambiwa. Kumi na moja ilikuwa namba ya aliyeniuzia, gari likiwa tupu, Dar es Salaam, kwenye usawa wa bahari. Miaka miwili niliitumia namba hiyo kupanga safari zangu zote bila kuihoji, na usiku ule nilipogawanya kilomita 405 kwa lita 50 nikapata 8.1. Zaidi ya lita 3 katika kila kilomita 100 zilikuwa zinapotea na sikujua zinapotelea wapi.

Niwaeleze gari lenyewe. Ni Toyota HiAce ya zamani, injini ya 3L, sisi 2,779, dizeli isiyo na tabo. Pampu yake ni ya chuma na springi, haina kompyuta. Nina kitalu cha miche ya parachichi, na kazi yangu kubwa ni kuwafuata wakulima niliowauzia: Rungwe, Njombe, Wanging'ombe, Makete. Vijiji vingine havina nyumba ya wageni, na mti wa parachichi unaeleza mengi asubuhi umande ukiwa bado kwenye majani kuliko mchana. Kwa hiyo niliigeuza haisi kuwa nyumba. Kitanda, kabati, jiko la gesi, betri na paneli ya sola. Ninalala shambani kwa mtu, ninapewa uji asubuhi, tunaanza kazi. Maisha hayo nayapenda sana, na ndiyo sababu suala la mafuta liliniuma: kila lita iliyopotea ilikuwa inanipunguzia kijiji kimoja cha kutembelea.

Nilinunua daftari la kurasa 96. Njia ya kupima ni ya zamani na haina ufundi. Unajaza tangi mpaka shingoni, unaandika namba ya kilomita, unakwenda safari zako, unarudi kujaza mpaka palepale, unaandika lita zilizoingia, unagawanya. Kuna mambo mawili ambayo watu huyaruka. Dizeli hutoa povu, na povu likifika shingoni pampu ya sheli inakata ukidhani tangi limejaa, kumbe kuna nafasi ya lita 2 au 3 chini yake. Mwombe kijana wa sheli asubiri povu litulie, aongeze polepole. Pia jaza kwenye sheli ileile, pampu ileile, gari likiwa limesimama palepale, kwa sababu sakafu yenye mteremko hubadilisha kiasi kinachoingia. Na kama umefunga tairi kubwa kuliko zilizokuja na gari, mita yako ya kilomita inakudanganya. Ilinganishe kwanza na simu yenye ramani kwa kilomita 50 hivi.

Mijazo mitatu ya kwanza: 8.3, 7.9, 8.1.

Kila niliyemweleza alinipa dawa. Mmoja aliniuzia sumaku ya kufunga kwenye mpira wa mafuta, eti inapanga chembechembe za dizeli. Niliifunga mwezi mzima na daftari likasema 8.1. Mwingine akanipa chupa ya kumimina kwenye tangi, 8.2, tofauti ambayo hata upepo wa njiani unaweza kuileta. Wauzaji wa vitu hivyo huwa na ushuhuda mwingi, na mwenye gari ambaye hana daftari hana cha kuwajibu. Fedha ile ningeweka tairi mbili.

Kilichoanza kunifungua macho ni mshale wa joto. Baridi ya Juni hapa Mbeya mnaijua. Nilikuwa naendesha kutoka Uyole mpaka Igurusi na mshale bado uko chini, haujafika hata robo. Nilifikiri ni sifa njema, gari halichemshi. Fundi wangu wa Mafiati alitikisa kichwa, akafungua nyumba ya thamostati, akanionyesha: tupu. Kuna mtu aliitoa.

Jambo hili limeenea nchini kote na naomba mnisikilize. Gari likichemsha, fundi mwenye haraka anaitoa thamostati na kuitupa, maji yanazunguka muda wote, mshale unashuka, mwenye gari anashukuru na kulipa. Ugonjwa wenyewe, ambao mara nyingi ni rejeta iliyoziba au feni isiyovuta, unabaki palepale. Kazi ya thamostati ni kuyazuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ifike joto lake, nyuzi 80 na kitu. Bila hiyo, katika jiji la joto huenda usione tofauti kubwa, lakini ukiileta injini hiyo Mbeya au Makambako inaendeshwa baridi siku nzima. Kuta za silinda zinakunywa joto ambalo lingesukuma pistoni, oili inabaki nzito, mafuta hayaungui vizuri. Unalipia dizeli ili upashe joto hewa ya Igurusi.

Tulisafisha rejeta kwanza. Kisha nikanunua thamostati mpya na kuipima jikoni kwangu kabla ya kufungwa: unaitumbukiza kwenye sufuria ya maji juu ya jiko, ikining'inia kwenye uzi isiguse chini, na unaitazama. Maji yakikaribia kuchemka inafunguka yenyewe, taratibu; ukiiweka kwenye maji baridi inafunga. Ile ya kwanza niliyouziwa haikufunguka kabisa, nikairudisha dukani. Ya pili ilifanya kazi. Mijazo miwili iliyofuata ilitoa 8.7 na 8.9, na gari likaanza kuvuta vizuri asubuhi.

Tairi na breki sitavisemea sana. Nilikuta upepo 29 nyuma kushoto na 33 kulia, wakati kibandiko cha mlangoni kilitaka zaidi ya 40 kwa gari lenye mzigo. Na siku moja niliposimama Chimala kununua mchele niligusa vikombe vya tairi kwa kiganja, kimoja kimoja. Cha nyuma kushoto kilikuwa cha moto cha kuunguza, vingine vuguvugu. Silinda ya breki ilikuwa imeganda, breki haiachii. Nilikuwa natembea nimeshika breki, sijui kwa miezi mingapi. Gusa magurudumu yako kila unaposimama baada ya safari ndefu ya tambarare. Ni bure. Daftari likasema 9.2.

Sasa moshi.

Mbeya mjini tuko takribani mita 1,700 juu ya bahari. Kwa kimo hicho hewa imepungua uzito kwa asilimia 15 hivi ukilinganisha na Dar es Salaam, na ukipanda Kitulo, mita 2,600, inapungua zaidi. Injini yenye tabo inajisaidia kwa sababu tabo inasukuma hewa ndani. Yangu inavuta kwa mapafu yake yenyewe. Pampu ya mafuta nayo haijui kwamba tumepanda mlima: ukikanyaga eksileta hadi chini inatema dizeli kiasi kilekile ilichopangiwa kiwandani, kwa hewa nzito ya usawa wa bahari. Mafuta yanakuwa mengi kuliko hewa. Yaliyokosa hewa yanatoka nyuma yakiwa masizi. Yale mawingu meusi unayoyaona nyuma ya haisi zinazopanda kutoka Tukuyu ni dizeli ambayo mtu ameilipia na haikusukuma chochote, na watoto wa shule wanaotembea kando ya barabara ndio wanaoivuta.

Nililipeleka gari kwa fundi wa pampu, mwenye mashine ya kupimia. Nozeli mbili kati ya nne hazikuwa zinapuliza ukungu, zilikuwa zinatoa mchirizi kama bomba bovu la bafuni. Zikabadilishwa ncha. Kisha akapunguza kidogo ile skrubu ya mafuta ya mwisho wa kanyagio, kidogo tu, robo ya mzunguko haikufika, tukaenda kulijaribu gari kwenye mlima. Naomba mtu asiiguse skrubu hiyo mwenyewe kwa sababu amesoma makala yangu. Ukiipunguza mno gari linakosa nguvu na utakaa kwenye gia ya pili mlima mzima, mafuta uliyookoa yanarudi kuliwa.

Alinifundisha na jambo lisilohitaji spana. Kwenye gari la namna hii, mlimani, kuna mahali kwenye kanyagio ambapo ukizidisha hapo huongezi mwendo, unaongeza moshi tu. Tafuta mahali hapo kwa mguu, ukitazama saiti mira. Ukiona nyuma kunaanza kuwa kweusi, rudisha mguu kidogo. Gari litabaki na mwendo uleule. Siku ya kwanza nilishindwa kuamini. Tangu hapo napanda nikiwa na jicho moja kwenye kioo.

Hewa hiyo nyepesi inatulipa kidogo upande mwingine, maana hata upepo unaolizuia gari usoni ni mwepesi zaidi. Lakini kwa mwendo wa milima yetu faida hiyo ni ndogo.

Sasa niseme kuhusu uzito, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza zaidi na ndipo palipokuwa pagumu.

Kwenye ghala moja la mpunga Igurusi waliniruhusu kupanda mizani yao. Kilo 2,480, mimi nikiwa ndani. Nikaenda nyumbani na karatasi ile nikakaa mezani kupiga hesabu ambayo mwalimu wangu wa fizikia angefurahi kuiona. Safari yangu ya mara kwa mara ni Matema, ufukweni mwa ziwa. Ziwa Nyasa liko chini, chini ya mita 500. Isongole, barabara inapopita kabla ya kuteremka Uyole, iko juu ya mita 2,000. Kwa hiyo kila nikirudi napandisha gari lote zaidi ya mita 1,500. Kilo 2,480, mara mvuto wa dunia, mara mita 1,500: inakuja karibu megajuli 36. Na lita moja ya dizeli ina megajuli 36 hivi ndani yake.

Yaani lita moja nzima ni ya kulinyanyua gari tu, kabla hujahesabu msuguano wa tairi wala upepo. Lakini injini hii haiwezi kugeuza lita yote kuwa kazi. Sehemu kubwa inakwenda kwenye rejeta na ekzosi, nyingine inapotelea kwenye gia na difu, na ikifika magurudumuni robo umeshukuru. Kwa hiyo ni lita nne. Nilipigia mstari chini ya namba hiyo mara mbili. Lita nne za kupanda Isongole, kila safari, na hazipungui kwa sumaku wala kwa chupa. Zinapungua kwa kitu kimoja tu, nacho ni kubeba kidogo.

Nikashusha kila kitu uani na kukipima kwenye mizani ya kitalu, ile ninayopimia mbolea.

Tangi la maji, lita 80, lilikuwa limejaa siku zote. Kilo 80 za maji nilikuwa nazipandisha kutoka ziwani kupita Tukuyu, wilaya ya Rungwe, ambako mvua ni nyingi kuliko karibu kila mahali nchini na maji yanatiririka kando ya barabara. Niliona aibu mbele ya maji yale. Sasa nabeba lita 20, na nikifika kwa mwenyeji wangu namwomba nijaze. Hakuna mama wa Kinyakyusa aliyewahi kuninyima maji. Mtungi wa gesi wa kilo 15 nikaubadilisha na wa kilo 6. Betri ya pili, ambayo nilifungiwa kwa ajili ya friji niliyokwisha kuiuza, ikatoka. Sanduku la vyuma la spana za magari ambayo sina. Madumu. Hema ambalo tangu nilale ndani ya gari sikuwahi kulifungua.

Kikabaki kitanda.

Kitanda kile kilikuwa cha mninga. Mbao alinipa baba. Alikuwa dereva wa malori kwenye barabara hii ya TANZAM tangu lami yake ikiwa mpya, na mbao zile alizinunua kwa fedha yake ya safari akazitunza darini miaka mingi akisema zitapata kazi. Nilipomwambia nageuza gari kuwa nyumba, alizishusha mwenyewe. Kitanda, kabati na meza vilikuwa na kilo 118. Nilivipima mara tatu nikitumaini mizani imekosea.

Ilinichukua wiki mbili kwenda kumwambia. Nilikuwa nimepanga maneno. Alinisikiliza, akachukua karatasi ya mizani, akaisoma akiwa ameishika mbali na macho.

"Mama," akaniambia, maana ananiita hivyo tangu nilipozaliwa, nikiwa na jina la mama yake, "mzigo nimebeba miaka thelathini. Unadhani sijui kilo inavyokula mafuta? Nilikupa mbao, sikukupa amri."

Kitanda sasa kiko chumbani kwake, kimeongezwa miguu. Cha kwenye gari nilitengenezewa kwa paini na plaiwudi ya Mafinga, kutoka ukanda wa misitu ya Sao Hill. Kina nafasi wazi katikati ya mbao na godoro linapata hewa. Seti nzima, kitanda, kabati na meza, kilo 49. Mizani ya Igurusi mara ya pili: kilo 2,150. Kilo 330 zimeondoka, ambazo ni kama nusu lita kwa kila kupanda Isongole, na kidogo zaidi kwenye tambarare kwa sababu tairi nazo zinabeba kidogo. Nusu lita si nyingi. Lakini napanda Isongole mara mbili kila mwezi, na Kitulo, na Njombe, na gari jepesi limenipunguzia pia moto wa breki.

Keria ilitoka pamoja na hema. Mwendo nao nikaushusha, kutoka 95 hadi 75 kwenye nyoofu za Usangu. Kani ya upepo inakua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo kushuka hadi 75 kunaipunguza kwa zaidi ya theluthi, na haisi ina uso mpana kama kabati. Nilipima muda wa Uyole hadi Makambako kabla na baada: dakika 18 tu zaidi, kwa sababu vijiji vyote vya njiani vina kibao cha 50 na anayekimbilia 95 katikati yake anakwenda kukanyaga breki tena kwenye kibao kinachofuata, kama hajapigwa tochi kabla. Kila ukikanyaga breki unatupa dizeli uliyokwisha kuichoma. Mimi sasa nikiona kibao kwa mbali naachia mguu, gari linafika kijijini lenyewe na 50 yake.

Hapo ndipo ninapofika kwenye jambo ambalo limenifanya niandike makala hii yote, na ningeomba kila mwenye gari hapa Nyanda za Juu alisome hata kama mengine ameyaruka.

Msiteremke mkiwa fri.

Nilikuwa nafanya hivyo. Iwambi, Mbalizi, mteremko wa kutoka Isongole kuja Uyole: natoa gia, injini inanguruma chini chini, naona naokoa. Nilifundishwa na dereva wa daladala na yeye alifundishwa na mwingine. Kisha mwaka jana nilimpeleka baba Dar es Salaam kwenye harusi ya mjukuu wake. Tulipoanza kushuka Kitonga kwenda Ruaha Mbuyuni, mkono wangu ukaenda kwenye gia kwa mazoea. Mkono wake ukaja juu ya wangu, ukakaa hapo. Hakusema kitu mpaka tulipofika bondeni, na njia nzima tulishuka gia ya pili.

Chini, penye kivuli, akanieleza. Gari likiwa kwenye gia na mguu umeuachia, magurudumu ndiyo yanayoizungusha injini. Gavana ya pampu inaona injini inazunguka kasi bila kuombwa kitu, inafunga mafuta. Unateremka bila kuchoma dizeli. Ukitoa gia, injini haina wa kuizungusha, kwa hiyo pampu inalazimika kuilisha ili isizime. Anayeteremka fri ndiye anayekula mafuta. Na mteremko wote umeuachia breki, nazo zikichemka hazishiki tena. Unakanyaga na hakuna kitu. "Gia unayopandia ndiyo unayoteremkia," akasema, na akaanza kunitajia wenzake. Aliwataja kwa majina, na kona walizobaki. Sikuwahi kumsikia akiwataja kabla ya siku ile.

Tumezika watu wengi waliofia kwenye mteremko wa Iwambi. Baadhi ya ajali hizo zilikuwa za malori yenye breki mbovu, lakini nyingine zilikuwa za watu waliokuwa wanaokoa vikombe viwili vya dizeli ambavyo hata hawakuviokoa.

La pili linalofanana na hilo ni baridi. Ukilala Makete au Kitulo mwezi wa sita kuna jalidi asubuhi, na kishawishi ni kuacha injini inanguruma ili upate joto. Injini ya ukubwa huu ikisimama inanguruma inakula zaidi ya nusu lita kwa saa, kwa hiyo usiku mmoja umekula mlima mzima wa Isongole, na moshi wa ekzosi unaingia kwenye gari lililofungwa vioo. Wala usiingize jiko la mkaa. Kila msimu wa baridi tunasikia familia iliyolala na jiko isiamke. Nina blanketi tatu nzito na chupa ya maji ya moto miguuni, na nimebandika sponji na kitambaa kwenye bati lote la ndani. Inatosha.

Daftari kwa sasa: barabara kuu, Uyole hadi Iringa na kurudi, 10.8. Matema, pamoja na milima yake yote, 9.9, wakati zamani Matema ilikuwa 7.6. Karibu nimeifikia ile namba niliyoambiwa na muuzaji, ila sasa ni yangu na nimeiona ikizaliwa, sehemu kwa sehemu.

Dizeli yetu inakuja mbali, na bei ya ukomo ambayo EWURA huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi huwa juu zaidi kwetu kuliko Dar es Salaam kwa sababu ya usafiri huo. Tangu 2023 bomba la TAZAMA linapitisha dizeli inayokwenda Zambia katika milima hii hii yetu, na mara nyingi nikipita Makambako nikiwa nyuma ya msururu wa malori ya mafuta nalifikiria.

Wiki iliyopita nilikwenda Matema na baba. Aliogelea. Ana miaka sabini na tano na aliogelea. Tulirudi kupitia Kyela akanunua mchele, na Tukuyu akataka ndizi, na hakuna aliyewahi kumzuia mzee wangu kununua ndizi Tukuyu. Uyole nilijaza, nikasubiri povu litulie, nikagawanya: 9.6. Nilisikitika kidogo, nikamwonyesha.

Akafungua daftari kutoka mwanzo, akasoma kurasa zote pale pale sheli huku kijana akisubiri tusogeze gari. "Umeandika vizuri," akasema, "lakini kitabu cha lori huwa na safu ya mzigo. Hii haina. Utajuaje?" Akaniomba kalamu. Akapiga mstari wima upande wa kulia, kwa mkono usiotetemeka, akaandika juu yake MZIGO, na chini yake: watu 2, mchele kg 50, ndizi mikungu 3.